Jinsi ya kujua baa ya zamani ya kando ya mfereji ilikuwa wapi (Birmingham hasa)

Wakuu, nimechoka kujibu swali hili inbox kila siku, "babu wa mume wangu alikuwa na baa pembeni ya mfereji huko Birmingham, naipataje ilipokuwa?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa hapa.

1. Tafuta jina la baa, la mwenye leseni, na mwaka. Jina la baa tupu halikusaidii, Navigation na Boat Inn zimejaa kila mfereji.

2. Ingia tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, ramani za zamani za Ordnance Survey (idara ya ramani ya Uingereza) ni bure, za England zimo pia. Chukua ya inchi 25 kwa maili. P.H. ndiyo baa. B.M. siyo baa jamani, ni alama ya wapima ardhi.

3. Fungua vitabu vya Kelly's vya mwaka wako, ni orodha za wafanyabiashara na wakazi mtaa kwa mtaa, vingi vipo bure kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Leicester.

4. Namba ya nyumba, na hapa tulia. Mitaa ilibadilishwa namba na mingine majina, kwa hiyo namba 45 ya 1870 inaweza isiwe namba 45 ya leo hata kidogo, halafu ukute mtaa wenyewe ulishavunjwa. Usishike namba, shika kona. Kelly's wakiorodhesha mtaa nyumba kwa nyumba wanaandika "here is" na jina la mtaa unaoingilia pale, sasa wewe hesabu milango kutoka hiyo kona kwenye ramani ya miaka hiyo hiyo. Na ukiona sensa imeandika "2 back of 45" ujue hiyo ni nyumba ya uani, baa usiitafute huko.

5. Hakikisha kwa sensa, 1841 hadi 1921 kila miaka 10. Ya 1931 iliungua, ya 1941 haikufanyika, vita.

MASWALI

kijana_wa_mji: Mkuu nimeweka namba Google imenipeleka kwenye gereji ya matairi??

Hatua ya 4. Soma.

kijana_wa_mji: Nimesoma bana

Ungesoma usingeweka namba Google.

mama_wawili: Samahani kaka, babu yupo Kelly's ila kaandikwa "beer retailer" (muuza bia) tu, baa haina jina. Ndiyo mwisho?

Wala dada, umekaribia. Sheria ya 1830 iliruhusu mwenye nyumba kulipa guinea 2 (fedha ya zamani ya Uingereza) akauza bia sebuleni kwake, hakuna pombe kali kama gin wala wiski, na nyingi za hivyo Kelly's hawakuziandika jina. Fuata jina lake mwaka hadi mwaka, pengine baadaye alipata leseni kamili na jina la baa likatokea.

mpenda_ramani: Mtaa nimeupata lakini mfereji uko mbali, au familia walitunga?

Swali zuri hili. Mfereji wa kwanza wa Birmingham, wa mhandisi Brindley, uliofika Wolverhampton 1772, ulizunguka zunguka sana, mhandisi mwingine, Telford, akaja kuunyoosha kuanzia miaka ya 1820. Vipande vya zamani vikabaki pembeni, Soho Loop na Icknield Port Loop vina maji mpaka leo, vingine vilifukiwa. Angalia kama mtaa wako uko kwenye kipande kama hicho.

mama_wawili: Na magazeti je?

Yanasaidia sana, tafuta habari za waliozama. Uchunguzi wa kifo mara nyingi ulifanyiwa baa ya karibu, kwa hiyo gazeti linataja baa, na ukibahatika linataja na daraja alipotolewa marehemu.

kijana_wa_mji: Daraja nalipataje

Ramani ile ile ya hatua ya 2, mengi yameandikwa jina.