Joto, barafu na umeme: jinsi ya kutumia mashine za fiziotherapia bila kumuunguza mgonjwa

Pakiti ya moto inayotoka kwenye maji ya nyuzijoto 70 hadi 75 za Selsiasi inaweza kuunguza ngozi ya mtu yeyote. Zinazomkinga mgonjwa ni tabaka za taulo, saa unayoiangalia, na hisia zake mwenyewe zinazomwambia kwamba sasa joto limezidi. Kinga hii ya tatu ndiyo tunayoidhania tu kuwa ipo. Kama mishipa ya fahamu ya eneo hilo haifanyi kazi, mgonjwa atakaa kimya huku ngozi inaiva, hata kama mashine ni mpya na haina kasoro. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye ngozi, kabla hujagusa swichi.

Pima hisia, usiulize tu

Chukua vichupa viwili vya glasi. Kimoja kiwe na maji baridi, kingine maji ya nyuzijoto 40 hivi. Mgonjwa afumbe macho. Gusisha kimojawapo mahali utakapotibu kwa sekunde mbili au tatu, umuulize ni moto au baridi, kisha endelea bila mpangilio anaoweza kuubahatisha. Rudia upande wa pili wa mwili ili alinganishe. Akikosea mara mbili tatu, au akisita sana, usitumie joto wala barafu hapo. Kwa tiba ya umeme pima kwa ncha kali na ncha butu.

Usiruke kipimo hiki kwa mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, aliyepata kiharusi, aliyeumia uti wa mgongo, mwenye ukoma au mwenye kovu kubwa la kuungua. Uliza pia kama amepaka dawa ya kuchua. Dawa zenye mentholi au pilipili zinawasha ngozi na kuvuruga hisia zake, na ukiweka joto juu yake ngozi inaweza kuungua. Osha kwa sabuni, kausha, ndipo uanze.

Kisha mweleze, kwa maneno yanayomruhusu kulalamika. Wazee wengi huvumilia kwa kumstahi daktari, na wengine wanaamini kuwa joto kali ndilo linaloponya. Mwambie wazi: “Mzee, joto liwe la wastani, la kukuliwaza. Likianza kuuma au kuchoma, niite hapo hapo. Hunisumbui.” Mpe kengele mkononi. Unapomrudia, usiulize “Uko sawa?” kwa sababu jibu lake ni “Niko sawa” siku zote. Uliza “Unahisi nini sasa?” umwache aseme mwenyewe.

Ngozi nyeusi haitakuonyesha wekundu

Vitabu vingi vya fani hii vinasema tazama ngozi, ikiwa ya waridi ni salama, ikiwa nyekundu sana ondoa. Kwa wagonjwa wetu wengi maelezo hayo hayatoshi. Weka mgongo wa mkono wako juu ya eneo lililotibiwa, kisha juu ya upande mwingine, ulinganishe joto. Tazama kama ngozi inang’aa na kukaza kuliko jirani yake, kama kuna mabaka yenye weusi uliozidi, kama panavimba. Bonyeza kwa kidole usikie kama pamekuwa pagumu au panauma. Fanya hivyo kwenye mwanga wa dirishani ikiwezekana, na uitazame ngozi kabla ya tiba, ili ujue rangi yake ya kawaida. Mtu anayetumia joto mara kwa mara nyumbani anaweza kuwa na michoro ya kahawia iliyo kama wavu. Hiyo ni dalili kwamba ngozi imeunguzwa polepole kwa muda mrefu, na pasiongezwe joto.

Pakiti za moto na taa ya joto

Kunja taulo kavu upate tabaka sita hadi nane kati ya pakiti na ngozi. Taulo kuukuu zilizopungua unene zihesabu nusu. Weka pakiti juu ya mgonjwa, asiilalie. Uzito wa mwili hukamua maji ya moto kuingia kwenye taulo na hubana mishipa midogo ya damu ambayo ingeondoa joto. Ikiwa hana budi kuilalia, ongeza tabaka. Inua ukague ngozi baada ya dakika tano, kwa sababu joto la ngozi hupanda kwa kasi katika dakika kumi za mwanzo. Jumla ni dakika 15 hadi 20. Pakiti ikirudi kwenye maji, ipe nusu saa kabla ya kuitumia tena.

Taa ya infraredi iwekwe sentimita 50 hadi 75 kutoka kwenye ngozi, kwa upande, isiwe moja kwa moja juu ya mgonjwa, maana balbu inaweza kupasuka. Ukipunguza umbali kwa nusu, nguvu ya mionzi inakuwa mara nne, kwa hiyo mgonjwa akijisogeza kidogo tu hesabu yote imebadilika. Pima kwa futi ya kamba. Vua pete na mikufu, funika macho.

Barafu

Barafu iliyopondwa ndani ya taulo lililoloweshwa haishuki sana chini ya sifuri. Pakiti ya jeli iliyotoka moja kwa moja kwenye friza ni jambo jingine kabisa: inaweza kuwa chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi, na ndiyo inayogandisha ngozi. Iviringishe kitambaa kinene zaidi. Muda ni dakika 10 hadi 20, na pungufu ya hapo kwa mtu mwembamba. Kuwa mwangalifu upande wa nje wa goti, chini kidogo, ambapo mshipa wa fahamu unapita juu ya mfupa bila nyama ya kuukinga; ukigandishwa, mgonjwa anaweza kushindwa kuinua unyayo. Usimwekee barafu aliyewahi kuvimba vipele kwa baridi, au ambaye vidole vyake hupauka na kufa ganzi kwenye baridi.

Na usitangulize barafu kisha ukaweka joto, altrasaundi au umeme. Umemwondolea mgonjwa hisia ulizozitegemea.

Altrasaundi ya tiba

Mashine hii hupitisha mawimbi ya sauti yasiyosikika kwenye tishu. Tumia megahezi 1 kwa tishu za ndani, sentimita tatu hadi tano, na megahezi 3 kwa zilizo juu, sentimita moja hadi mbili. Soma kwenye kichwa cha mashine ukubwa wa eneo linalotoa mawimbi. Mara nyingi ni sentimita 5 za mraba. Tibu sehemu isiyozidi mara mbili ya eneo hilo kwa dakika tano. Mgongo mzima hauwezi kutibiwa hivyo. Ukijaribu, utakuwa umepaka jeli tu.

Kichwa kitembee bila kusimama, kama sentimita 4 kwa sekunde, kikiwa kimelala sawasawa juu ya ngozi. Kikisimama, joto linakusanyika sehemu moja, hasa kwenye utando wa mfupa, na mgonjwa atasema anahisi maumivu makali ya ndani. Hilo si jambo la kuvumiliwa: punguza nguvu au panua eneo papo hapo. Anza na wati 0.5 kwa kila sentimita ya mraba, na kwa kawaida usivuke 1.5. Tumia jeli yake. Krimu nyingi za maumivu huzuia mawimbi yasipite, na kichwa kinachofanya kazi hewani kinapata moto na kuharibika. Kila asubuhi kizamishe kichwa kwenye bakuli la maji, washa, utazame kama maji yanatikisika. Hilo linaonyesha tu kuwa kinafanya kazi. Kipimo halisi cha nguvu kifanywe na fundi wa vifaa tiba kila mwaka.

Usipitishe juu ya tumbo la mjamzito, jicho, korodani, saratani, mshipa wenye damu iliyoganda, wala kwenye ncha za mifupa ya mtoto anayekua.

TENS

Hii ni mashine ndogo inayopitisha umeme kwenye ngozi kupitia pedi ili kutuliza maumivu. Kwa maumivu ya kawaida weka hezi 80 hadi 120, upana wa mpigo mikrosekunde 50 hadi 100, nguvu ya kuleta mnyeo usiouma wala kukaza msuli. Kosa linalojirudia linatokana na pedi. Pedi iliyokauka hugusa ngozi kwa vipande vidogo, umeme wote unapita hapo, mgonjwa anachomwa kama sindano. Lowesha sponji, badilisha pedi zisizonata, osha mafuta ya ngozi.

Mgonjwa akisema ghafla hasikii kitu, usiongeze nguvu. Rudisha sifuri kwanza, kisha kagua waya na pedi. Pedi iliyobanduka ikijibandika tena huku umeongeza, atapata mshtuko.

Usiweke mbele ya shingo, kwa sababu pale pana mahali panaporatibu shinikizo la damu na pana misuli ya koo. Usitumie kwa mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo bila idhini ya daktari wa moyo.

Mashine ya mawimbi mafupi, inayopasha joto tishu za ndani kwa mawimbi ya redio ya megahezi 27.12, ina sheria zake: kitanda cha mbao, hakuna chuma mwilini wala kwenye nguo, waya zisigusane wala kumgusa mgonjwa, jasho likaushwe kwa taulo, na mhudumu asimame mita moja au zaidi akishaiwasha. TENS na mashine nyingine za kuchochea misuli ziwe angalau mita tatu kutoka hapo, kwani mawimbi huzivuruga.

Soketi na umeme kukatika

Plagi ya pini tatu isilazimishwe kwenye adapta ya pini mbili, umeondoa ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Chumba kiwe na kikata umeme cha miliampia 30, kinachozima chenyewe umeme ukivuja. Umeme ukikatika katikati ya tiba, rudisha vidhibiti vyote vya nguvu kwenye sifuri, toa pedi mwilini, chomoa plagi. Umeme ukirudi, anza upya kabisa, pamoja na muda.

Mgonjwa akiungua

Ondoa chanzo, mwagia maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, siagi wala mafuta. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, mwite daktari, na umweleze mgonjwa na ndugu zake kilichotokea. Iweke mashine pembeni ikiwa na karatasi ya “isitumike”, vidhibiti vikibaki jinsi vilivyokuwa. Kwenye faili andika namba ya mashine, nguvu uliyoweka, muda, mahali pa pedi au idadi ya tabaka za taulo, matokeo ya kipimo cha hisia cha siku hiyo, na maneno aliyoyasema mgonjwa mwenyewe.