Kustawisha Vitunguu Vyeupe Vitamu Katika Bustani ya Nyumbani, Tabora

Ukali wa kitunguu hutokana na salfa ambayo mmea huifyonza ardhini, kwa hiyo anayetaka kitunguu cheupe cha kuliwa kibichi kwenye kachumbari bila kutoa machozi aanze kwa kuangalia anachotia udongoni. Udongo wa kichanga ulioenea Tabora unamfaa, kwa kuwa mvua huiosha salfa kwa urahisi, lakini faida hiyo hupotea pale anapotumia salfeti ya amonia, au anapomwaga bustanini mbolea iliyobaki kwenye shamba la tumbaku bila kusoma maandishi ya mfuko, maana mbolea nyingi za tumbaku huwa na salfa. Samadi iliyooza vizuri, ikiongezewa kidogo CAN, mbolea ya naitrojeni na kalsiamu isiyo na salfa, miche inapokwisha kushika, inatosha.

Weupe wa ganda si dalili ya utamu: White Creole ni cheupe lakini kikali, ilhali White Granex ni kitamu. Jambo la lazima ni kwamba mbegu iwe ya mchana mfupi, yaani ya aina inayotuna hata mchana usipokuwa mrefu, kwa sababu Tabora ipo yapata nyuzi 5 kusini mwa ikweta na mchana wake hauzidi sana saa 12 mwaka mzima. Aina za mchana mrefu zitakupa majani matupu.

Sia mbegu kitaluni mwezi Machi au mwanzoni mwa Aprili, ukikinga kitalu dhidi ya mvua za mwisho kwa kichanja cha nyasi. Baada ya wiki sita hadi nane, mche unapokaribia unene wa penseli, uhamishie kwenye tuta kwa nafasi ya sentimita 10 kati ya mche na mche na 20 kati ya mistari, bila kuufukia sana.

Kiangazi ndipo kazi ilipo. Mizizi ya kitunguu ni mifupi na mchanga haushiki maji, hivyo mwagilia kila baada ya siku mbili au tatu na utandaze nyasi kavu, kwani kitunguu kilichopata kiu huwa kikali hata kama mbegu ilikuwa nzuri. Vithiripi, wadudu wadogo sana ambao huacha michirizi ya rangi ya fedha kwenye majani, hupungua ukinyunyizia maji ya muarobaini hadi katikati ya majani wanakojificha. Usitie mbolea tena kitunguu kinapoanza kutuna, la sivyo shingo itakuwa nene na kitaoza.

Nusu ya majani yakishalala, acha kumwagilia, kisha ng'oa baada ya wiki moja hivi. Anika kivulini penye upepo kwa muda wa wiki mbili, kwa kuwa kitunguu cheupe kikiachwa juani hugeuka kijani. Kwa vile kina maji mengi, hakikai ghalani kama chekundu. Ni busara kusia kitalu cha pili wiki tatu baada ya cha kwanza, ili usivune vyote kwa mkupuo.