Somo: Kununua flashi ya kwanza na vifaa vyake, hatua kwa hatua

Wapendwa, habari za baridi. Kila Jumamosi tukimaliza darasa kuna mtu ananivuta pembeni na swali lile lile: "Mwalimu, kamera ninayo, sasa nataka flashi. Ninunue ipi?" Nimeona niliandike somo zima ili mwenye kwenda mjini kununua aende akijua anachotafuta.

Flashi yangu ya kwanza niliichagua kwa bei. Kichwa chake kilikuwa kimekaza, kinatazama mbele tu. Nikaenda nayo kwenye send-off ya binti wa jirani, ukumbini Mwanjelwa, Mbeya. Kila picha ilikuwa na paji la uso lenye doa jeupe, na nyuma ya kila mtu kivuli cheusi kimegandamana na ukuta. Mama mwenye shughuli alizipitia moja moja, akaziweka mezani, akaniambia asante. Nilimwona anavyozitazama. Mwanga ulikuwepo wa kutosha, tena wa kupita kiasi. Tatizo ni kwamba wote ulitoka juu ya lenzi, ukampiga mtu usoni kama tochi ya mlinzi.

Ndiyo maana ninasisitiza: fedha yako ya kwanza inunue uwezo wa kuuhamisha mwanga. Nguvu baadaye.

Hatua ya 1: Ikague kamera yako kabla ya kutoka nyumbani

Tazama pale juu inapochomekwa flashi. Utaona vidoti vya chuma. Kile kikubwa cha katikati ndicho kinachoiambia flashi "waka". Vile vidogo vinabeba mazungumzo mengine kati ya kamera na flashi, na kila kampuni inavipanga kivyake. Flashi iliyotengenezwa kwa ajili ya Nikon haitazungumza na Canon, hata kama inaingia vizuri na kukaza. Sony za siku hizi nazo zina mpangilio wao. Andika jina kamili la kamera yako kwenye karatasi, nenda nalo dukani.

Hatua ya 2: Kichwa lazima kigeuke

Kipande hiki usikiruke. Kichwa cha flashi kiinuke kutazama juu, na pia kizunguke kutazama pembeni na nyuma. Ukikielekeza kwenye silingi nyeupe, mwanga unapanda, unatawanyika, unarudi chini ukiwa mpana kama unaotoka dirishani. Kivuli kinalainika, doa la paji la uso linaondoka.

Jaribu sebuleni kwako. Mkalishe mtu mita mbili kutoka ulipo. Weka ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 800, tundu la lenzi f/4, shata (muda wa kamera kufunguka) 1/125 ya sekunde. Geuza kichwa cha flashi kitazame juu na nyuma yako kidogo, pale silingi inapokutana na ukuta. Piga. Halafu kirudishe mbele, piga tena, uziweke picha mbili pamoja. ISO tumeipandisha kwa sababu safari ya kwenda silingi na kurudi inakula mwanga mwingi.

Sasa, nyumba zetu za huku si zote zina silingi nyeupe. Nyingi zina silingi ya mbao, maana mbao ziko karibu. Mwanga ukigonga mbao unarudi na rangi yake, na watu wote wanatoka wa njano iliyoiva. Makanisa mengi ya vijijini hayana silingi kabisa, mwanga unapotelea kwenye mabati. Hapo tafuta ukuta mweupe wa pembeni. Kama hakuna, mwambie kijana akushikie foamu nyeupe, ile inayokuja ndani ya boksi la TV, uigonge hiyo. Haigharimu kitu na inafanya kazi vizuri.

Hatua ya 3: Isome namba ya nguvu kwa akili

Kwenye boksi utakuta GN 60 au namba inayofanana na hiyo. Maana yake, kwa ISO 100, ukigawa namba hiyo kwa namba ya f ya tundu la lenzi unapata mita ambazo mwanga utafika: 60 gawa kwa 4 ni mita 15. Lakini namba hiyo kwa kawaida imepimwa flashi ikiwa imebana mwanga wake kabisa, kwa lenzi ndefu. Canon 580EX, kwa mfano, ina 58 ikibana kwa lenzi ya milimita 105, na ikipanuka kwa lenzi ya milimita 35 inabaki na 36. Kwa hiyo ukilinganisha flashi mbili, uliza kila namba imepimwa kwa milimita ngapi.

Kumbuka pia kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo. Bwana harusi aliye mita mbili kutoka kwenye flashi atapata mwanga mara nne ya shangazi aliye nyuma yake, mita nne kutoka kwenye flashi.

Hatua ya 4: TTL au manual?

TTL ni mfumo ambao flashi inatoa mwako mdogo wa kupima, kamera inausoma, kisha inaamua mwako wenyewe uwe na nguvu gani. Unafaa sana kwenye shughuli zenye watu wanaotembea. Manual unaweka nguvu mwenyewe: nzima, nusu, robo, mpaka 1/128. Kwa anayejifunza kwa kupenda, mimi napendekeza manual. Ni rahisi zaidi kununua, na inakufundisha mwanga. Godox TT600 na Yongnuo YN560 ni za kundi hili. Ukijua tayari kwamba utaanza kupiga harusi mwakani, basi jikaze uchukue yenye TTL.

Hatua ya 5: Ijaribu hapo hapo dukani

Nenda na betri zako zilizojaa. Fungua mlango wa betri kwanza, utazame vyuma vya ndani. Ukiona unga mweupe au kijani, betri zilivujia humo, iache. Washa. Utasikia sauti nyembamba inapanda, kisha taa ya utayari inawaka. Weka nguvu nzima, piga, uhesabu: moja, mbili, tatu, nne... Kwa betri nzuri, taa ikikawia zaidi ya sekunde 5 au 6, mimi siichukui. Piga mara kumi, huku ukiiacha ipumue katikati. Zungusha kichwa kila upande. Kila kituo unapaswa kukisikia kwa kidole, "tak", bila kulegea. Mwisho ichomeke kwenye kamera yako, si ya muuzaji, upige picha ya ukuta.

Flashi ya mtumba iliyokaa kabatini muda mrefu inaweza kuchelewa kujaa mwanzoni. Iache imewaka dakika chache, uipige kwa nguvu ndogo mara kadhaa, ndipo uihukumu.

Hatua ya 6: Betri

Nunua za kuchaji, NiMH, seti mbili za nne nne, zile za AA za ukubwa wa betri ya saa ya ukutani. Usichanganye mpya na kuukuu. Za kawaida za alkalini huzubaa kwenye baridi, na sisi Juni na Julai tunaijua baridi. Seti ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili.

Hatua ya 7: Triga, stendi, mwavuli, kwa mpangilio huo

Triga ni redio ndogo inayokaa juu ya kamera na kuiamuru flashi iliyo mbali. Ukiwa nayo, flashi moja inakuwa dirisha unaloliweka popote. Baadhi ya flashi, kama hiyo TT600, zina kipokezi ndani, unanunua triga moja tu ya familia yake.

Kisha stendi, na kishikio cha kubeba flashi na mwavuli pamoja. Mwavuli mweupe unaopitisha mwanga, wenye upana wa kama sentimita 110, unatosha kwa mwaka mzima. Usogeze karibu na mtu, mita moja hivi, juu kidogo ya macho, pembeni. Ulaini wa mwanga unatokana na ukubwa wa chanzo kikilinganishwa na umbali wake, kwa hiyo mwavuli ule ule ukiupeleka mita nne unakuwa mkali tena. Softiboksi, lile boksi la kitambaa linalovishwa mbele ya flashi, inaongoza mwanga vizuri kuliko mwavuli, lakini kuifunga na kuifungua kunachosha. Isubiri.

Na ile kofia ndogo ya plastiki inayovishwa kichwani mwa flashi? Sebuleni inasaidia kidogo, kwa kuwa inarusha mwanga kutani. Ukiwa nje inakula nguvu tu, kwa sababu chanzo kinabaki kidogo vile vile. Hela hiyo iongeze kwenye betri.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Makambako: Mwalimu, shikamoo. Nina Canon 2000D, nikaazima flashi ya manual kwa kaka. Kwenye kamera yake inawaka, kwangu kimya kabisa. Kamera yangu imekufa?*

Marahaba mdogo wangu. Kamera yako ni nzima. Itazame pale juu: kidoti kikubwa cha katikati hakipo. Canon walikiondoa kwenye 2000D, 4000D na 250D. Flashi inayotegemea kidoti hicho peke yake haitapata amri. Unahitaji flashi au triga ya TTL ya Canon ambayo mtengenezaji ameandika wazi kwamba inafanya kazi na kamera yako. Usinunue kabla hujaijaribu kwenye kamera hiyo hiyo.

*Kutoka Iringa: Kamwene! Jioni tunapenda kupanda mwamba wa Gangilonga kupiga picha. Anga ikitoka vizuri, mtu anakuwa mweusi tii. Nikiwasha flashi kwa shata 1/1000, nusu ya picha inakuwa na giza.*

Kamwene, dada. Shata ya kamera yako ina mapazia mawili. Mpaka kama 1/200 au 1/250, kutegemea kamera, kuna wakati pazia la kwanza limefunguka lote na la pili halijaanza kufunga. Hapo ndipo flashi inawaka. Ukienda kasi kuliko hapo, pazia la pili linafuata la kwanza likiwa na upenyo mwembamba tu, na mwako unaangukia kipande cha picha. Rudi 1/200. Kwanza pima anga bila flashi, ufunge tundu la lenzi mpaka rangi za jioni zikae. Kisha washa flashi pembeni ya mtu, anza na robo ya nguvu, ongeza au punguza mpaka uso ulingane na anga. Ipo namna ya kwenda kasi zaidi, HSS, lakini inanyonya nguvu nyingi na si kila flashi inayo. Na juu ya mwamba pale upepo haubembelezi: ning'iniza mfuko wa mawe kwenye stendi, au mtu ashike kabisa.

*Kutoka Tukuyu: Huku kwetu mvua na ukungu ndiyo hali ya kawaida. Nikipiga na flashi natoa madoadoa meupe hewani.*

Umewahi kupita Isyonje asubuhi, ukungu umetanda? Dereva akiwasha taa fulu, anaona ukuta mweupe. Flashi juu ya kamera inafanya hivyo hivyo: inaangaza matone yaliyo mbele ya lenzi kabla ya kumfikia mtu. Itoe kwenye kamera, iweke mbali pembeni, au nyuma ya mtu ikitazama kwako, halafu mwili wake uifiche isionekane kwenye picha. Ukungu wenyewe unawaka kumzunguka, picha inapendeza ajabu. Ivishe flashi mfuko wa nailoni usio na rangi, na usichaji wala kubadilisha betri mikono ikiwa na maji. Ukiingia jikoni penye moto kutoka nje, acha kamera ndani ya begi kwanza, maana lenzi itajaa jasho.

*Kutoka Uyole: Bibi harusi akiwa na gauni jeupe, TTL inamtia giza usoni. Bwana harusi akiwa na suti nyeusi, uso unapauka.*

Kamera inadhani dunia yote ni ya kijivu cha katikati. Ikiona gauni jeupe limejaa kwenye fremu inapunguza mwanga, ikiona suti nyeusi inaongeza. Ipinge kwa kitufe cha kurekebisha nguvu ya flashi: bibi harusi ongeza kati ya +0.7 na +1, bwana harusi akiwa peke yake na suti yake punguza kiasi hicho hicho. Angalia mapambo ya gauni yasifutike. Ngozi nyeusi inapenda mwanga mpana wa pembeni. Unateleza kwenye shavu na kuonyesha umbo. Flashi tupu inaacha madoa meupe kwenye jasho, kwa hiyo tembea na tishu mfukoni, umpe msimamizi amfute taratibu kabla ya kupiga. Hilo limeniokolea picha nyingi kuliko kifaa chochote.

*Kutoka Njombe: Marehemu baba aliacha flashi yake, Vivitar 283. Natamani kuitumia kwenye kamera yangu ya kidijitali.*

Pole, na hongera kwa kuitunza. Usiichomeke kwenye kamera moja kwa moja. Baadhi ya 283 za zamani zinapitisha zaidi ya volti 200 kwenye kile kidoti cha katikati, na kamera nyingi za kidijitali haziwezi kuhimili. Fundi mwenye mita anaweza kukupimia volti hizo kwenye kitako chake bila kuifungua. Kuifungua ni hatari kweli: ndani kuna kapasita yenye volti kama 300, na inabaki na umeme hata betri zikitolewa. Lakini baba yako bado anaweza kukuangazia picha. Tafuta jicho la mwanga, kile kipokezi kidogo kinachochomekwa chini ya flashi, chenye kuhimili volti za flashi za zamani. Kikiona mwako mwingine kinaiwasha, bila waya wowote kufika kwenye kamera. Iweke nyuma ya mwavuli, flashi yako ndogo ya kamera iwe ya kuiamsha tu. Ukipata picha ya kwanza, niletee Jumamosi niione.