Umeachika Mombasa na una watoto? Anza hapa

Talaka yangu ilikuja kwa ujumbe wa simu, nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni na mfuko wa nguo za wateja mkononi. Mwanangu mkubwa alikuwa na miaka saba, mdogo mitatu. Tangu siku ile nimewasindikiza marafiki na majirani wengi mahakamani, na makosa ninayoyaona ni yale yale niliyoyafanya mimi.

Ujumbe kama huo usiufute, hata ukikuchoma. Andika tarehe, maana eda, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, inahesabiwa kuanzia hapo: twahara tatu kwa anayepata hedhi, miezi mitatu kwa aliyekoma, na mwenye mimba mpaka ajifungue. Katika eda ya talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kukurudia, chakula na makazi yako ni juu ya mume. Mimi nilifunga virago usiku ule ule nikaenda kwa mama, na masurufu ya eda sikuyadai kamwe.

Kisha nenda Mahakama ya Kadhi na cheti cha ndoa na kitambulisho. Usitosheke na talaka ya mdomo. Bila karatasi, siku ukiposwa tena ama mume akifariki, utahangaika kueleza wewe ni mke wa nani. Hapo kwa Kadhi utaomba talaka ithibitishwe, na udai mahari iliyobaki, masurufu ya eda na kitoka nyumba, yaani kile mume anachompa mke anapomwacha. Ikiwa wewe ndiye unayetaka kutoka naye hataki kukuacha, kuna khului, ambayo unajikomboa kwa kurudisha mahari, na kuna fasakh, ambayo Kadhi huvunja ndoa kwa sababu kama mume kutokulisha. Tafadhali usikimbilie khului ikiwa sababu ya fasakh unayo. Nimeona mwanamke akiuza bangili zake kurudisha mahari ya mume aliyemtelekeza, na iliniuma sana.

Kwa Ibara ya 170 ya Katiba, Kadhi husikiliza kesi ya Waislamu waliokubali kwenda kwake. Aliyefunga ndoa kanisani au ya serikali atapeleka yake mahakama ya kawaida, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014.

Sasa watoto. Mashemeji waliniambia, “Mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba,” na kwa kuwa wangu alikuwa nayo tayari, nikakaa wiki mbili silali. Laiti ningejua mapema kwamba kuna Mahakama ya Watoto pale Tononoka. Ibara ya 53 ya Katiba inatanguliza maslahi ya mtoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la. Hakimu hutazama nani amekuwa akimlea, shule yake, afya yake, usalama wake, na mtoto mwenyewe anasemaje kulingana na umri wake.

Kabla ya kesi, pitia kwa afisa wa watoto. Atawaita nyote wawili, na mkipatana mtaandika makubaliano. Msipopatana, unafungua kesi, na si lazima uwe na wakili. Ukihitaji msaada wa sheria, FIDA, chama cha mawakili wanawake, na shirika la Kituo cha Sheria wako hapa Mombasa.

Kwenye makubaliano ndipo nakuomba uwe mkaidi. Yangu ya kwanza, waliyoyaandika wazee, yalisema baba atawaona watoto “wakati unaofaa”. Unaofaa kwa nani? Alikuja saa nne usiku, wamelala, tukagombana mlangoni huku mdogo akilia. Ya pili yanasema: Ijumaa baada ya chuo cha Kurani, saa kumi na moja jioni, nyumbani kwa bibi yao, Jumapili warudi kabla ya magharibi. Yanataja Idi mbili, likizo za shule, na nani anampeleka mtoto hospitali akiugua kwa baba. Mwaka wa kwanza baada ya hapo hatukugombana mlangoni hata mara moja.

Kwa pesa, usiseme tu “alete matunzo”. Shika daftari mwezi mzima: unga, maziwa, kodi, nauli ya matatu, sare, chuo, dawa. Karo ilipwe shuleni moja kwa moja, na masurufu yaje kwa M-Pesa ili ushahidi ubaki. Mahakama hupima uwezo wa wazazi wote wawili, kwa hivyo na mapato yako yaseme kwa ukweli.

Ukipata kazi Uarabuni, usimwachie mama yako watoto kwa maneno. Iandikwe nani anawalea na baba akubali. Vilevile mzazi yeyote asimtoe mtoto nje ya Kenya bila idhini ya mwenzake au amri ya mahakama. Ukihofia hilo, mwambie hakimu mapema akuzuilie safari.

Na ikiwa kuna kipigo, usikalishwe sulhu kwanza. Nenda hospitali, kisha polisi ukachukue fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha yako. Simu ya 1195 ni ya waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Zote ni bure. Sulhu ya masurufu na siku za watoto itasubiri mpaka jeraha lishonwe na wewe uwe mahali salama.