Mzazi akikataa mtoto aongezewe damu: la kufanya wodini na mahakamani

Kwa Tanzania Bara, sheria yenyewe haina kona nyingi. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mzazi wajibu wa kumpatia mtoto matibabu, na kinakataza mtu yeyote kumnyima matibabu kwa sababu ya imani, iwe ya dini au nyingine. Kifungu cha 4 kinasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18 na maslahi yake yatangulizwe. (Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2011.) Uhuru wa kuabudu umo kwenye ibara ya 19 ya Katiba, na haki ya kuishi kwenye ibara ya 14, mtoto anayo hiyo haki yeye mwenyewe. Mambo huharibika kwa sababu ya saa zinazopotea na faili lisilo na kitu ndani.

Anza na kipimo. "Amepauka sana" haimsaidii hakimu. Andika Hb (kiwango cha hemoglobini kwenye damu), uzito, na saa. Chini ya 4 g/dl mtoto anahitaji damu hata kama amekaa anacheza. Kati ya 4 na 6, angalia dalili za hatari: anapumua kwa shida, fahamu zimepungua, moyo unashindwa kazi. Akiwa hana hata moja, mna nafasi ya kuzungumza. Utafiti wa TRACT uliofanyika Uganda na Malawi, matokeo yake yakatoka mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wa kundi hili waliofuatiliwa kwa karibu na kupewa damu pale tu hali ilipobadilika hawakufa zaidi ya waliopewa papo hapo. Ila kufuatilia maana yake ni kupima tena na tena ndani ya saa 48 za kwanza, na kumtazama katikati. Kumwandikia "observe" na kwenda kulala si kufuatilia.

Kisha sikiliza kinachokataliwa. Zungumza na mama peke yake, baba peke yake, wazee wa kanisa wakiwa nje. Uliza mambo matatu: ni imani, ni hofu, au ni pesa? Wengi wanaosema "dini hairuhusu" wanaogopa UKIMWI, au walipoambiwa walete ndugu wachangie walidhani damu inauzwa. Hao waeleze kwamba damu ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Mara nyingi shauri huishia hapo.

Mashahidi wa Yehova ni jambo jingine. Wao hukataa damu nzima, chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe sahani na plazma, wakitegemea Mwanzo 9:4, Walawi 17 na Matendo 15:28-29. Vitu vinavyotolewa ndani ya plazma, kama albumini na vigandisha damu, kila mmoja huamua kwa dhamiri yake, kwa hiyo uliza kimoja kimoja na uandike jibu. Wana Halmashauri ya Uhusiano na Hospitali. Wakitaka kuiita, waache, lakini saa isisimame kuwasubiri. Kadi ya kukataa damu aliyosaini mzazi inamhusu mzazi. Mtoto mkubwa, wa miaka 15 au 16, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa haki ya kusikilizwa: andika maneno yake kama alivyoyasema. Kusikilizwa si sawa na kuwa na kauli ya mwisho.

Huku mnazungumza, matibabu mengine yaendelee: oksijeni, artesunate ya sindano kama ni malaria kali (3 mg kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20), na sampuli ndogo za maabara. Kosa baya kuliko yote ni kumkimbizia dripu za saline (maji ya chumvi) "badala ya damu". Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba kuwajaza maji kwa kasi watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu kuliongeza vifo. Vidonge vya madini ya chuma navyo huchukua wiki, si saa.

Mtoto akiwa na saa chache, usisubiri asubuhi. Daktari wa pili amwone na aandike kwa mkono wake. Mganga mfawidhi na afisa ustawi wa jamii wapigiwe simu, saa ya simu iandikwe. Mfano wa maandishi yanayotosha:

"02:40. Uzito kilo 12. Hb 3.6. Anapumua kwa shida, ini limevimba. Bila damu anaweza kufa ndani ya saa chache. Njia nyingine: hakuna. Baba amekataa kwa sababu ya imani, mama amenyamaza. Damu nzima 240 ml kwa saa 4."

Tumia mfumo wa saa 24. "Saa nane" ikisomwa mahakamani haijulikani ni ya usiku au ya mchana.

Muda ukiwepo, afisa ustawi wa jamii ndiye anayepeleka maombi Mahakama ya Watoto, chini ya hakimu mkazi. Ombeni amri finyu ya muda maalumu: damu na mazao yake "kadiri daktari atakavyoona inafaa" wakati wa ugonjwa huu. Amri inayosema "chupa moja" itawaumbua usiku Hb ikishuka tena. Msiombe mzazi anyang'anywe mtoto kama tatizo ni damu tu.

Amri ikitolewa, mwambieni mzazi kabla ya kutundika damu. Kumwekea kwa siri huua imani yake kwenu, na mara ya pili hatamleta. Wala msifungue mazungumzo kwa kutaja polisi: mama aliyetishwa hutoroka na mtoto alfajiri. Akitoroka kweli, hapo ndipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linapopigiwa simu, mara moja, mkiwa na jina la kijiji na la mwenyekiti wake mliyoyaandika siku ya kwanza.

Mama abaki kitandani na mwanawe, anyonyeshe, asisimangwe na wauguzi. Dakika 15 za kwanza muuguzi asiondoke, apime joto na mapigo, kisha Hb irudiwe damu ikiisha.