Ruta mbili, lango moja: ichomoe faiba, usiizime ruta

Wenzangu mnaotunza mitandao ya ofisi Kampala, Gulu au Mbarara, kama mmeweka ruta mbili kwa VRRP (utaratibu wa ruta kuu na ya akiba kushirikiana anwani moja ya lango, yaani njia ya kutokea ofisini kwenda nje), fanyeni jaribio hili: chomoeni waya wa mtoa huduma kwenye ruta kuu, si waya wa umeme.

Wengi hujaribu kwa kuzima ruta. Ya akiba hukosa matangazo ya "niko hai" kutoka kwa kuu kwa sekunde tatu na ushee, huchukua anwani ya lango, na watumiaji hawajui kilichotokea. Lakini faiba ikikatwa na wachimba barabara, ruta kuu bado iko hai, bado inatangaza kila sekunde, na ofisi nzima inaendelea kuipelekea data isiyo na pa kwenda. Lilinikuta, asubuhi nzima.

Dawa ni kuiambia ruta ifuatilie njia ya nje. Ipe kuu kipaumbele 110, ya akiba ibaki 100. Njia ikifa, kuu ipunguziwe 20. Ikishuka hadi 90, ya akiba inashika usukani, mradi iwe na ruhusa ya kunyang'anya nafasi. VRRP kwa kawaida huiruhusu. Kwenye HSRP, utaratibu wa Cisco unaofanana nao, lazima uiwashe mwenyewe.

Usiiamini taa ya poti peke yake. Kifaa cha mtoa huduma huweza kuwaka vizuri huku nyuma yake kumekufa, kwa hiyo pima kwa pingi (ujumbe mfupi unaosubiri jibu) kwenda anwani ya mbali.

Na tafadhali, ruta zote mbili zisitegemee UPS moja, wala faiba zote mbili zisipite mtaro mmoja.