Barua fupi inayoeleweka: jinsi ninavyoziandika hapa Kirumba

Nina steshenari Kirumba, jijini Mwanza, kwenye njia ya kushukia soko la samaki la Mwaloni. Wengi huingia kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuwaandikia watu: barua za kuomba kazi, malalamiko kwa mtendaji wa kata, maombi ya kibanda sokoni, mihtasari ya vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa), matangazo ya mikutano. Hapa naeleza ninavyofanya, ili anayetaka kuandika mwenyewe aweze. Nitakaa zaidi kwenye barua ya ombi, maana ndiyo inayowarudisha watu nyumbani mikono mitupu.

Anza kwa kumfikiria atakayeisoma. Mtendaji wa kata ana rundo la barua mezani, ana watu kwenye benchi nje, na simu inaita. Atapitisha macho kwenye kichwa cha barua na mistari ya mwanzo. Akikuta pale unachotaka, ataendelea. Akikuta pongezi, ataiweka pembeni aisome akipata nafasi, na nafasi hiyo haipatikani kirahisi.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, sema ombi lako kwa mdomo. Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na nitaionyesha kwa mfano. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mwenye barua asitambulike.

Mama mmoja anayeanika dagaa alikuja na barua aliyoandikiwa na kijana wa jirani, akitaka niichape. Ilisomeka hivi:

"YAH: MAOMBI YA MSAADA. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Napenda kuchukua nafasi hii adhimu kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, na pia kukupongeza wewe binafsi pamoja na ofisi yako tukufu kwa kazi kubwa mnayoifanya usiku na mchana katika suala zima la kuwaletea wananchi maendeleo. Mimi kama mjasiriamali mdogo katika sekta ya uvuvi nimekuwa nikikumbana na changamoto mbalimbali za kimiundombinu, ambazo kwa namna moja ama nyingine zimepelekea kurudisha nyuma jitihada zangu za kujikwamua kiuchumi. Hivyo basi naiomba ofisi yako iweze kuona ni kwa namna gani inaweza kunisaidia."

Kijana yule ana mwandiko mzuri na hakuna uongo hata mmoja humo. Lakini soma tena utafute shida ni nini. Haipo.

Nikaiweka karatasi pembeni. "Mama, tuseme umemkuta mtendaji mlangoni, anawasha pikipiki aondoke. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia, baba, naomba dakika moja. Mtaro pale barabarani umeziba, mvua ikinyesha maji yote yanaingia kwenye vichanja vyetu, dagaa wanaharibika."

"Mtaro upi?"

"Ule wa karibu na mashine ya kusaga. Tangu Machi."

"Sasa unataka afanye nini?"

Akafikiri kidogo. "Mtaro tutauzibua wenyewe, majembe tunayo. Ila kwenye kalavati kumekwama jiwe. Lile hatuliwezi, mwanangu. Watume watu walitoe."

Karibu barua nzima ilikuwa imeshatoka mdomoni mwake. Nikamuuliza idadi na tarehe tu. Nikaichapa hivi:

"YAH: KUONDOA JIWE LILILOZIBA KALAVATI KARIBU NA MASHINE YA KUSAGA

Ndugu Mtendaji,

Naomba ofisi yako itume watu waondoe jiwe lililoziba kalavati la barabara ya kwenda mwaloni, karibu na mashine ya kusaga.

Kalavati limeziba tangu Machi. Mvua ikinyesha, maji yanavuka barabara na kuingia kwenye vichanja vya dagaa vya wanawake tisa. Tarehe 8 Aprili, watatu kati yetu tulipoteza sado 14 za dagaa.

Mtaro tutauzibua wenyewe. Kinachotushinda ni jiwe tu. Tunaomba liondolewe kabla ya tarehe 30 Aprili. Naweza kuonyesha mahali siku yoyote kuanzia saa 3:00 asubuhi. Namba yangu ya simu ipo hapo juu.

Ahsante."

Mtendaji akimaliza mstari wa kwanza anajua amtume nani na akabebe nini. Tazama pia kwamba hatukupunguza tu. Tuliondoa pongezi, sekta, miundombinu na kujikwamua, kisha tukaongeza mahali, mwezi, idadi ya wanawake, idadi ya sado (ndoo za kupimia) na siku ya mwisho. Wengi wakiambiwa "fupisha" wanakata vitu hivi na kuacha salamu. Fanya kinyume chake. Andika ombi katika sentensi ya kwanza, sababu zifuate, na kila sababu iwe na kitu kinachoweza kuhesabiwa au kuonyeshwa kwa kidole.

Kichwa nacho kifanye kazi. "Maombi ya msaada" kinafaa kila barua iliyopo kwenye faili la kata, kwa hiyo hakimsaidii anayetafuta ya kwako. Weka kitendo na mahali.

Wazee huniambia barua ya namna hii haina adabu. Naelewa wanachosema. Kwetu Usukumani huingii kwa mtu ukaanzia kwenye shida. Utasalimia, utauliza watoto, mvua na mifugo, ndipo mengine. Ana kwa ana mimi mwenyewe hufanya hivyo, na sitaki ife. Lakini kwenye karatasi ya ofisini, "Ndugu Mtendaji" na "naomba" na "ahsante" zinabeba heshima yote inayotakiwa. Kumwacha mtu asome nusu ukurasa akitafuta unachotaka ndiko kumkosea. Zipo barua nisizofupisha: barua ya posa siigusi. Ile inasomwa mbele ya wajomba na mashangazi, na urefu wake na maneno yake ya kupambwa ni sehemu ya kile kinacholetwa. Barua ya kumfariji mfiwa pia iache itoke kama inavyotoka moyoni.

Ukimaliza kuandika, pita tena na kalamu nyekundu. "Katika suala zima la uvuvi" ibaki "katika uvuvi". "Ili kuweza kupata" ibaki "ili kupata". "Kufanya ukarabati wa choo" ni "kukarabati choo". "Kwa namna moja ama nyingine" futa, hutaliona pengo lake. Ukikuta umeandika "changamoto", simama ujiulize ni ipi, kisha andika hiyo yenyewe: nyavu zimeibwa, choo kimejaa, mshahara wa Februari haujalipwa. Sentensi ikizidi mistari miwili, tafuta "ambapo" au "na" iliyo katikati, weka nukta pale.

Ufupi una hatari yake, na kwa Kiswahili hatari hiyo naikuta zaidi kwenye maelezo ya ugomvi na ajali. Viambishi vyetu vinabana mambo mengi mahali padogo. Soma hii: "Nahodha alimsukuma baharia akaanguka majini." Aliyeanguka ni nani? Au hii: "Baba Neema alimwambia jirani kuwa mtoto wake amevunja dirisha." Mtoto wa nani? Anayezungumza ananyoosha kidole na wote tunaelewa. Karatasi haina kidole. Shuleni tulifundishwa kutorudia majina ili insha ipendeze. Kwenye maelezo ya polisi, baraza la kata au mkataba, rudia jina kila mara panapoweza kuzuka swali. "Baharia akaanguka majini." Hilo ni neno moja zaidi, na linaweza kuamua kesi.

Saa ndiyo nyingine. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri, tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane. Mtu akisoma 08:00 kwenye tiketi ya meli ya Nansio akafika saa nane mchana, chombo kimeshaondoka. Kwenye tangazo usiandike "saa 2" peke yake. Andika "saa 2:00 asubuhi", na kama wasomaji wana tiketi mkononi, ongeza "(08:00)". Tarehe vilevile: "Jumamosi ijayo" ikiandikwa Alhamisi, nusu ya watu watakuja wiki hii na nusu wiki inayofuata. Weka namba ya siku na mwezi.

Na mahali. "Tukutane stendi" ilitosha kati ya watu wawili waliokwishakubaliana, lakini Mwanza kuna Nyegezi upande wa barabara ya Shinyanga na Nyamhongolo upande wa barabara ya Musoma, na kutoka moja hadi nyingine ni kuvuka jiji. Vipimo pia visiachwe hewani. Gunia la dagaa la huyu si gunia la yule, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ndiyo ugomvi wenyewe. Katika makubaliano ya biashara andika kilo. Kama mmekubaliana kwa sado, andika sado ngapi, na kama ni za kujaza kilemba au za kusawazisha.

Kwa wanaotangaza mikutano ya wavuvi wa dagaa, tazameni mwezi angani kabla ya kuchagua siku. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali ndipo wavuvi hupumzika. Tangazo zuri la mkutano wa siku za giza litasomwa na wote na kuhudhuriwa na wachache.

Meseji za simu zina kanuni yake, na makatibu wengi wa vikundi hawaijui ingawa wanailipia. Meseji moja hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Kipimo hicho kina historia: mwaka 1985 mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand alichapa sentensi na maswali ya kawaida, akahesabu herufi, akaona karibu zote hazifiki 160. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Ukizidisha 160, ujumbe hukatwa vipande, na kila kipande hubeba 153 tu, maana nafasi iliyobaki hutumika kuviunganisha. Ukiweka emoji moja, ujumbe mzima unashuka hadi herufi 70 kwa meseji. Lipo na la kwetu hasa: ukinakili maandishi kutoka kwenye kompyuta, kile kialama cha "ng'ombe" au "ng'ambo" mara nyingi kinakuja kimepinda badala ya kunyooka, na kilichopinda nacho kinaushusha ujumbe hadi 70. Ukituma kwa wanachama 300 kupitia huduma ya meseji za jumla, gharama inaweza kupanda mara mbili au tatu kwa sababu ya kialama hicho. Kifute, kichape upya kwenye simu.

Meseji ya kikundi naiandika hivi: "Mkutano wa kikoba: Jumapili 14 Juni, saa 9:00 alasiri, kwa mama mwenyekiti. Leta hisa na daftari. Asiyeweza kuja ampigie katibu kabla ya Jumamosi." Inaingia kwenye meseji moja, na hakuna atakayepiga simu kuuliza.

Mihtasari sitaikalia sana. Epuka "ilikubalika kwamba suala hilo lifanyiwe kazi". Andika nani atafanya, atafanya nini, lini: "Mweka hazina atapeleka shilingi 200,000 benki kabla ya Ijumaa 19 Juni." Mkutano ujao mnasoma mstari huo na kuuliza kama amepeleka.

Barua ya kazi nayo iwe hivyohivyo. Kila kijana anayeomba kwenye viwanda vya minofu ya sangara anaandika kuwa ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma. Anayepokea hana namna ya kupima hayo. Andika "Nimekata minofu miaka miwili, naweza kufanya zamu ya usiku, nakaa Igogo, naweza kuanza Jumatatu." Hata kama hujawahi kuajiriwa, kuna kitu umefanya kwa mikono yako: umeuza bidhaa kwenye duka la shangazi, umetunza daftari la mauzo. Kitaje kwa jina lake.

Barua ikikamilika, mpe mtu asiyelijua jambo lako aisome kwa sauti. Usimsaidie. Atakapokwama ndipo pa kurekebisha, na akimaliza muulize, "Nataka nini?" Akijibu sawasawa, iko tayari. Akianza na "nadhani", rudi kwenye sentensi ya kwanza.

Kisha toa nakala mbili. Ukifika ofisini, moja waachie, nyingine waombe waigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uiweke kwenye faili lako. Siku 14 zikipita bila jibu, barua ya kukumbusha inakuwa na sentensi mbili: "Naomba majibu ya barua yangu mliyoipokea tarehe fulani. Nakala yenye muhuri wenu nimeiambatisha."